Uchambuzi wa kisa: Toyota IST ya 2004 na swali la kumwaga oili kila baada ya kilomita ngapi

Kisa hiki kinaandikwa kwa idhini ya mwenye gari. Majina, namba ya gari, mtaa, gereji na maduka yaliyohusika vimeondolewa. Mimi ni fundi niliyeletewa gari baada ya tukio, na nilibaki nalo kwenye matunzo kwa muda mrefu baadaye, kwa hiyo nimeona mwanzo wa matengenezo na kilichofuata. Nakiandika kwa sababu swali la "nimwage oili kila kilomita ngapi?" naulizwa kila wiki na wenye magari ya umri huu, na karibu kila mara jibu wanalolitafuta liko mahali wasipopaangalia.

Gari na watu wake

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ile ile iliyomo kwenye Probox, Allion na Spacio nyingi zilizojaa barabarani kwetu. Inatumia cheni ya taiming, si mkanda. Ina VVT-i (mfumo wa Toyota unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu), na inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Iliingia Tanzania kutoka Japani mwaka 2016 ikiwa mtumba, na makaratasi yalionyesha imetembea kilomita 84,000.

Mwenye gari ni mama, mtumishi wa afya, anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Asubuhi analiendea kazini. Jioni na mwisho wa wiki mtoto wa kaka yake analifanyia teksi ya mtandao, na mapato wanagawana. Kwa mpango huo gari lilikuwa linatembea karibu kilomita 3,500 kwa mwezi, sehemu kubwa ikiwa kwenye foleni: Ubungo, Buguruni, Tazara, na njia za ndani zenye vumbi na matuta.

Jambo moja la kuliweka akilini tangu sasa: gari lilikuwa na watumiaji wawili. Shangazi aliamini kijana ndiye anayefungua boneti, kwa kuwa ndiye dereva hasa. Kijana naye aliamini mambo ya boneti ni ya fundi wa shangazi.

Utaratibu wa elfu tatu

Kwa miaka kadhaa gari lilimwagwa oili kila kilomita 3,000 kwenye gereji ya mtaani. Oili ilikuwa ya madini ya kawaida, yenye uzito wa 20W-50 (namba kubwa ni oili nzito, ndogo ni nyepesi), na dumu lake liliandikwa daraja la API SF. Daraja hilo lilitungwa kwa ajili ya injini za miaka ya themanini. API yenyewe, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja haya, inasema halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Fundi hakuwa na nia mbaya. Ndiyo oili iliyokuwa dukani jirani, ni ya bei nafuu, na magari aliyojifunzia kazi yalikwenda nayo vizuri.

Kila sevisi ilikwenda hivi: nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) inafunguliwa, oili inamwagikia kwenye beseni, beseni linamiminwa kwenye pipa la oili chafu linalosubiri watu wa mbao wanaokuja kuinunua ya kupaka kenchi dhidi ya mchwa. Kisha oili mpya inajazwa mpaka alama ya juu ya stiki (kijiti cha kupimia oili), stika inabandikwa, gari linaondoka. Hakuna aliyewahi kutazama ni kiasi gani kimetoka. Na kwa nini atazame? Gari lilikuwa linatembea vizuri, halitoi moshi wa kuonekana, halichemshi.

Dumu la elfu kumi

Kwa kilomita 3,500 kwa mwezi, sevisi ya elfu tatu inaangukia kila baada ya wiki tatu na ushee. Kijana alipiga hesabu akaona sehemu ya mapato inaishia gereji. Dukani aliuziwa oili ya sintetiki 5W-30, daraja la juu, bei yake karibu mara mbili ya ile ya zamani, na muuzaji akamwambia aisahau mpaka kilomita 10,000.

Sina neno baya juu ya oili ile. Ilikuwa halisi, na 5W-30 ni uzito ambao Toyota inaukubali kwa injini hii. Hata hiyo elfu kumi haikuwa uzushi. Japani kwenyewe Toyota huelekeza magari ya petroli yasiyo na tabo (turbo) yabadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu kila 7,500 au miezi sita. Safari fupi fupi, milima na barabara mbovu zinahesabiwa kuwa matumizi magumu. Kwa hiyo kijana alikuwa na hoja, na shangazi akakubali. Stika mpya ilibandikwa, imeandikwa kilomita elfu kumi mbele.

Kitonga

Kilomita 4,300 baada ya oili hiyo kuwekwa, familia ilipata msiba Iringa. Gari likaondoka Dar alfajiri likiwa na watu watano na mizigo. Mpaka Mikumi hakuna kilichoonekana. Walipopanda Kitonga, mlima wa kona nyingi kabla ya Iringa, kwenye kona za juu taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzima: gari likiinama kwenye kona inawaka, likinyooka inazima.

Hapa kijana alifanya jambo lililookoa injini. Alitafuta nafasi ya kwanza salama pembeni, akazima. Hakusema "nifike juu kwanza." Alisubiri kama dakika kumi oili ishuke, akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akachomoa tena. Ilikuwa kavu, na tone moja tu kwenye ncha.

Shangazi alikuwa ameshuka na kanga mabegani. "Kwani si ulisema hii oili inafika elfu kumi?"

"Shangazi, oili haijachakaa. Haipo."

Nyuma yao lori lilikuwa limesimama. Kijana akamwendea dereva. "Shikamoo mzee. Una oili ya akiba?" Yule mzee alikuwa nayo, 15W-40 ya dizeli, na akakubali kuwauzia. Kwa dharura kama ile ni sawa kabisa. Injini ya petroli yenye oili ya dizeli ni bora mara nyingi kuliko injini isiyo na oili, na kuchanganya oili mbili za injini hakuleti madhara ya papo hapo. Hawakuwa na kipimo, wakatumia chupa tupu za maji ya nusu lita: kujaza chupa, kumimina, kupima stiki, kujaza tena. Zilikwenda chupa nne na kidogo ya tano mpaka oili ikagusa alama ya juu. Chupa zile ndizo zilizotupatia namba ya kwanza ya kweli katika kisa chote. Lita 2.2 zilikuwa zimekwenda katika kilomita 4,300, sawa na lita moja kila kilomita 1,950 hivi. Kwenye injini inayochukua lita 3.7 za oili, ilikuwa imebaki lita moja na nusu.

Walifika msibani, wakazika, wakarudi. Taa haikuwaka tena.

Tulichokuta gereji

Gari liliponifikia nilianza na vitu vya bei rahisi.

Kifuniko cha kujazia oili, upande wa ndani, kilikuwa na gamba jeusi. Nilipomulika tochi kwenye tundu lake, sehemu za juu zilikuwa na tope la hudhurungi nzito, si lile la kuziba njia, ila la kutosha kukutia wasiwasi. Hii ndiyo alama ya miaka ya oili ya daraja la chini kwenye foleni. Visima viwili vya plagi kati ya vinne vilikuwa na oili, maana yake gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imekauka. Kompresheni ilikuwa nzuri na silinda zote nne zilikaribiana.

Halafu valvu ya PCV, ile ndogo kwenye kava la juu inayoipa injini pumzi. Ukiichomoa na kuitikisa karibu na sikio, nzima inalia "chak chak", kwa sababu kuna kidude ndani kinachotembea. Hii haikulia. Ilikuwa imeshikana kwa tope. Valvu hiyo ikikwama, hewa chafu ya ndani ya injini inatafuta njia nyingine ya kutokea na inabeba oili; nyingine inakwenda kuunguzwa, nyingine inasukuma sili. Ni spea ya bei ndogo, na sijawahi kumwona mwenye gari aliyekuja gereji akaomba ikaguliwe.

Asubuhi gari likiwa baridi lilitoa pumzi moja fupi ya moshi wa bluu, kisha basi. Moshi wa kuwashia namna hiyo huelekeza kwenye sili za valvu. Ringi za pistoni zikichoka, moshi unafuatana na kukanyaga mafuta. Niliamini kuna kidogo cha vyote viwili.

Na kitu cha mwisho kilikuwa kwenye fremu ya mlango wa dereva: stika ndogo ya Kijapani ya kubadilishia oili, imepauka, hakuna aliyewahi kuijali kwa kuwa hakuna aliyejua kuisoma. Lakini tarakimu zinasomeka. Mwaka ulikuwa 25, na kilomita 127,400. Stika hizi huandika mwaka wa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, hivyo unajumlisha 1988: mwaka 25 ni 2013. (Kwa gari lililosevisiwa kuanzia Mei 2019, enzi ni Reiwa, na unajumlisha 2018.) Gari lililokuwa na kilomita 127,400 mwaka 2013 liliingia bandarini 2016 likiwa na 84,000. Dashibodi siku niliyolipokea ilisoma 171,000, yaani lilikuwa limetembea 87,000 tangu liingie. Ukweli, kwa uchache kabisa, ulikuwa zaidi ya 214,000.

Nilimwonyesha yule mama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Sasa kama kilomita zenyewe za uongo, tutajuaje imechoka kiasi gani?" Jibu ni kwamba injini yenyewe inasema, ukiipima.

Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na rai tatu mezani. Fundi wa awali, ambaye mama alimheshimu na akamwita ashiriki, alitaka kurudi kwenye elfu tatu na 20W-50. Ndugu mmoja alishauri kushusha injini na kubadili ringi. Kijana alitaka kubaki na elfu kumi na kuwa anaongezea.

Kushusha injini tulikukataa kwanza. Lita moja kwa karibu kilomita elfu mbili ni ulaji, lakini si ugonjwa wa kufungua injini. Huko Marekani, Toyota ilipokabiliwa na ulaji wa oili kwenye injini nyingine, 2AZ-FE, mpaka waliouweka wa kustahili matengenezo ulikuwa zaidi ya lita 0.95 ndani ya maili 1,200, yaani kama kilomita 1,930. Gari hili lilikuwa limekaa juu ya mstari wenyewe, na bado lilikuwa na PCV iliyokufa. Hakuna sababu ya kununua ringi kabla ya kubadili kidude cha bei ndogo na kupima upya.

Tulibadilisha PCV na gasketi ya tapeti kava, tukasafisha chujio dogo la waya la njia ya oili ya VVT-i. Dawa ya kusafishia injini, ile ya kumimina na kuacha dakika chache kabla ya kumwaga, niliikataa. Kwenye injini yenye tope la miaka, dawa inabandua vipande vikubwa kwa pamoja, na vinakwenda kukaa kwenye chujio la pampu lililo ndani ya sampu. Badala yake tulipanga kumwaga mara mbili mfululizo kila baada ya kilomita 2,000, kwa oili nzuri ya bei ya kati, filta mpya kila mara. Sabuni iliyomo ndani ya oili yenyewe inalainisha tope polepole.

Juu ya uzito wa oili tulivutana. Hoja ya fundi mwenzangu ilikuwa na msingi: oili nzito hupita kwa shida zaidi kwenye ringi zilizolegea, na ziko nchi za joto ambako vitabu vya Toyota vinairuhusu 20W-50. Hoja yangu ilikuwa kwamba VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba, njia zenyewe zina tope, na dakika za kwanza za asubuhi ndizo cheni inapohitaji oili ifike haraka. Tulikubaliana 10W-40 yenye daraja la API SN (jipya zaidi kuliko SF) au la juu yake. Daraja nililishikilia kuliko uzito; nisingekubali tena SF.

Kisha likaja swali lenyewe. Kijana aliandika kwa wiki moja muda injini ilipowashwa na kuzimwa pamoja na kilomita za kila siku. Ukigawanya, wastani ulikuwa kilomita 18 kwa saa. Hesabu hii ndiyo iliyobadili mazungumzo. Jenereta na trekta hazina kilomita; zinamwagwa oili kwa saa, na saa 250 ni kipimo kilichozoeleka. Kwa kilomita 18 kwa saa, saa 250 ni kilomita 4,500. Gari lile lile likifanya safari za Dar na Dodoma kwa wastani wa 70, saa 250 zingekuwa kilomita 17,500. Yaani elfu kumi ya dumu kwenye foleni ya Buguruni ni zaidi ya saa 550 za injini kuunguruma, nyingi zikiwa gari limesimama, joto liko juu na upepo haupiti.

Tuliweka 4,500.

Na tukaweka sharti ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko namba: stiki inapimwa kila Jumamosi asubuhi kabla gari halijawashwa, mahali pa tambarare, na kijana ndiye mhusika, kwa jina. Daftari dogo likakaa kwenye droo ya dashibodi. Safu nne tu: tarehe, kilomita, oili iko wapi kwenye stiki, kilichoongezwa. Ikishuka nusu kati ya alama mbili, inaongezwa kwa chupa ileile ya nusu lita. Kabla ya safari ndefu inapimwa hata kama ni Jumatano.

Matokeo

Oili ya kwanza ya kilomita 2,000 ilitoka nyeusi kama lami na nzito. Ya pili ilitoka nyeusi pia, lakini nyepesi, na sehemu za juu za injini zilianza kuonyesha rangi ya chuma. Watu wengi huogopa weusi. Oili yenye sabuni nzuri ndani ya injini chafu lazima iwe nyeusi upesi, maana imebeba uchafu. Ile inayobaki ya dhahabu kwenye injini yenye tope ndiyo ya kuishuku.

Daftari lilionyesha ulaji umeshuka hadi lita moja kwa kilomita 3,000 hivi. PCV na gasketi zilifanya sehemu yake, 10W-40 labda kidogo. Kwa kuwa tulibadili vyote pamoja siwezi kugawa sifa. Kwa mwaka mzima wa teksi baada ya hapo, oili haikushuka chini ya alama ya chini hata mara moja.

Kisha mazingira yakageuka. Kijana alipata ajira mkoani, teksi ikaisha. Gari likabaki na mama peke yake: nyumbani hadi kituo cha afya, kilomita sita, asubuhi na jioni. Kwa mwezi kilomita 300 tu. Kwa namba ya 4,500 gari lingekaa mwaka mmoja na robo bila kumwagwa.

Mama sasa ndiye aliyepima stiki, na baada ya miezi kadhaa alinipigia akiwa na furaha: "Fundi, gari limeacha kula oili kabisa. Halijashuka hata kidogo." Nilimwomba aivute stiki ainuse. Ilinuka petroli.

Injini inayotembea kilomita sita na kuzimwa haipati muda wa kuchemka mpaka ndani ya oili. Petroli inayopita pembeni ya pistoni ikiwa baridi, na mvuke wa maji, vinabaki kwenye sampu badala ya kukauka. Gari lilikuwa bado linakula oili. Nafasi yake ilikuwa inajazwa na petroli. Kipimo kinasimama palepale huku kinachopimwa kinageuka kuwa chembamba siku hadi siku. Tulimwaga siku mbili baadaye, ikiwa na kilomita chini ya 2,000, na utaratibu mpya ukawa wa kalenda: kila miezi sita, bila kujali kilomita. Na kila baada ya wiki mbili mama anakwenda na gari Kibaha na kurudi, mwendo wa kutosha wa kuipasha joto injini mpaka unyevu ukauke. Dada yake anaishi huko, basi safari ina faida mbili.

Uchambuzi

Turudi kwenye elfu tatu, kwa sababu hapo ndipo penye fumbo. Kwa kiwango cha ulaji kilichopimwa Kitonga, kila kilomita 3,000 injini ilikuwa imepoteza lita moja na nusu. Kila sevisi ile ya zamani, kati ya lita 3.7 zilizowekwa, zilitoka kwenye beseni zisizofika mbili na robo. Huko ni karibu na alama ya chini ya stiki, au chini yake. Utaratibu wa elfu tatu ulionekana unafanya kazi, na watu waliamini unafanya kazi kwa kuwa oili "inachakaa haraka kwenye gari la zamani". Kilichokuwa kinaiokoa injini ni kwamba inajazwa kabla haijaisha. Sevisi ya mapema ilikuwa inaficha ulaji, na kijana aliporefusha muda, ulaji ukatoka mafichoni.

Kwa hiyo nani alikosea kati ya fundi wa elfu tatu na muuzaji wa elfu kumi? Naona wote wawili walijibu swali la ubora wa oili, na tatizo la gari hili lilikuwa wingi wake. Injini changa inamaliza kilomita elfu kumi na oili karibu ileile iliyowekwa. Hapo inabaki kuuliza oili itadumu na nguvu yake kwa muda gani. Injini ya kilomita laki mbili inauliza kwanza kama oili ipo. Ukiwa huijui kasi ya ulaji, kila namba ya kumwagia ni ya kubahatisha, iwe fupi au ndefu.

Beseni lilikuwa kipimo cha bure. Laiti oili iliyotoka ingemiminwa kwenye dumu lenye alama za lita kabla ya kwenda kwenye pipa, tatizo lingeonekana miaka kabla ya Kitonga. Tangu kisa hiki napima kila gari la zaidi ya miaka kumi linalonifikia, na ningependa mafundi wenzangu wafanye hivyo. Inachukua dakika moja.

Taa ya dashibodi nayo ilieleweka vibaya. Mama alidhani taa ile ndiyo mlinzi: isipowaka, oili ipo. Taa inasoma presha, haisomi ujazo. Inawaka pampu inapovuta hewa, na wakati huo bering za kamshafti na krankshafti zimeshaanza kukosa. Kwenye kona za Kitonga oili kidogo iliyobaki ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu. Kama wangekuwa kwenye tambarare ya Morogoro huenda isingewaka mapema, na wangeendelea kupoteza.

Kuhusu fedha, ambazo ndizo zilizoanzisha yote. Utaratibu wa zamani ulitumia lita 1.23 kwa kila kilomita 1,000. Mpya, ukijumlisha ya kuongezea, ulitumia kama 1.15, na kila lita ilikuwa ghali zaidi. Kwa oili peke yake hakuna akiba. Akiba ilikuwa kwenye filta na siku ambazo gari halikulala gereji, na zaidi ya yote kwenye injini ambayo haikununuliwa. Mwenye gari anayetegemea kupunguza gharama kwa kurefusha muda peke yake apige hesabu hii kwa lita kabla ya kufurahi.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni kumtaja mtu mmoja wa stiki. Watumiaji wawili bila mhusika ni sawa na kutokuwa na mtumiaji. Tulipoandika jina, kurasa za daftari zikajaa bila kusukumwa. Na teksi ilipoisha, mama alilipokea daftari na kuendelea pale pale kijana alipoachia. Bila kurasa zile, simu yake ya furaha ingeishia kwenye furaha tu.

Kisichofanikiwa ni kubadili vitu vingi kwa pamoja. Kama tungebadili PCV kwanza na kutembea kilomita 2,000 na oili ileile, tungejua leo mchango wa kila kimoja. Mama alihitaji gari barabarani wiki ile, na uamuzi ulikuwa wa haki kwake, lakini kwa mafunzo tumepoteza.

Bado kuna jambo moja ambalo halijapata jibu. Tangu Kitonga, ikiwashwa asubuhi injini inatoa mlio wa cheni kwa kama sekunde moja kabla oili haijafika kwenye kikaza cheni. Huenda ulikuwepo kabla na hakuna aliyeusikiliza. Huenda dakika zile za taa kuwaka zimeuongeza. Tumeongeza safu ya tano kwenye daftari, ya mlio wa asubuhi. Ukifika sekunde tatu, au ukianza kusikika injini ikiwa ya moto, tutafungua kava la taiming na kubadili cheni, kikaza na reli zake kwa pamoja. Fedha yake mama ameshaanza kuiweka pembeni kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.